Wakikuuliza Kama Hesabu Imekubali

Martina mwanangu,

Salamu nitaziruka, kwa kuwa asubuhi tumesalimiana. Ulinijibu kwa sauti ndogo, nami nikajifanya natafuta kofia. Sasa wewe na mama yako mmekwenda Rhotia kumuaga shangazi yako, na mimi nimekaa hapa gereji juu ya tairi bovu, karatasi nimeiweka kwenye boneti ya gari la mtu. Mzee Abdala amepita kuniangalia zaidi ya mara moja. Yeye ndiye mwenye gereji, ameajiri fundi bodi, hakuajiri karani, lakini anajua kesho unaondoka, kwa hiyo hasemi kitu. Hilo tu linanitia hofu, maana unamjua Mzee Abdala, hanyamazi hovyo.

Habari za koti, za pasi ya kusafiria na za kutokula vitu usivyovijua, mama yako amekwisha kuzisema na leo jioni atazisema upya. Mimi nina wasiwasi wangu mwenyewe, na ni mwingi. Ikinyesha, basi litakwama kwenye kile kilima cha Manyara, utachelewa ndege. Usipochelewa ndege, ndiyo utapanda hiyo ndege, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Watu wananiambia, fundi, usihofu, ndege ni chombo imara, bodi yake ni ya alumini. Basi hao wananimaliza, kwa sababu alumini mimi naifahamu.

Lakini lililonikalisha hapa si ndege. Ni maneno yako ya jana mezani.

Mama yako alikuuliza mbona huli. Ukasema huko Uswidi, mara tu ukifika, utasimama mbele ya walimu wako wapya uwaonyeshe hesabu yako, ile iliyowafanya wakuchague wewe kati ya vijana wengi. Ukatueleza tena, taratibu, ili mama yako naye aelewe. Kwamba viwandani bati la alumini hubanwa kati ya vyuma viwili vilivyochongwa umbo, likatoka limelichukua umbo lile. Wakiliachia tu, linakunjuka kidogo. Vile vyuma huchongwa kwa taabu kubwa, na bati likikunjuka kuliko walivyotegemea, inabidi vichongwe upya. Kwa hiyo wanataka kujua mapema, kabla chuma hakijaguswa, bati litakunjuka kiasi gani. Na wewe unaligawa bati vijumba vidogo vidogo ndani ya kompyuta, kila kijumba kinamsukuma jirani yake, mashine inapiga hesabu ya wote, kisha inaliachia bati na kutazama linakwenda wapi. Ulituchorea vile vijumba kwa chaki kwenye mlango wa kabati, na mama yako hakukugombeza. Nilijua hapo kwamba moyo wake nao hauko sawa.

Kisha ukasema lile lililokuwa limekukaa kooni. Kwamba kwa mikunjo mepesi hesabu yako ilikubali, lakini umbo la pili, lile lenye kona mbili, limekataa. Bati halisi mlilolibana kule chuoni Dar lilikunjuka zaidi ya vile kompyuta ilivyosema. Umerudia na kurudia, na bado. Ukaweka kijiko chini.

"Nikienda, Baba," ukasema, "itabidi niwaambie inakaribia kukubali. Kuna namba moja nikiisogeza kidogo tu, itakubali. Na kama siwezi kusema hivyo, basi bora nisiende kabisa."

Nami nikainuka nikatoka. Nikaenda kusimama karibu na banda la kuku kama mtu aliyesikia mwizi. Mama yako akaniita, sikuitika. Najua ulidhani nimekasirika, au labda ulidhani sijali. Ndiyo sababu naandika. Mdomo wangu hauna breki, nikianza kusema nitafoka, na sitaki sauti ya mwisho utakayoondoka nayo iwe ya kufoka.

Kwanza nikwambie kwamba sijui kwa nini hesabu yako imekataa. Usije ukadhani baba yako amekaa na siri ya bati miaka yote na leo ataitoa. Mimi nakunja kwa kukisia. Nikitaka kona ya mraba, nazidisha kidogo, naachia, natazama, nazidisha tena. Bati la paa la basi bovu lina tabia yake, bati jipya lina yake, na lililokwisha kunyooshwa mara moja halitabiriki kabisa. Nikikosea nalitupa nyuma ya gereji, na mama yako analiokota. Banda lake la kuku lote limeezekwa kwa makosa yangu. Nilipokuona umekaa na vile vijumba vyako, unataka kulijua bati kabla ya kuligusa, nilijisikia fahari mpaka nikaona aibu. Sikukwambia. Hilo nalo nakwambia sasa.

Ninalolijua ni jingine, na wewe ulikuwepo, ila ulikuwa msichana wa sekondari na sina hakika uliliona lote.

Unakumbuka ile miaka mpaka wa Kenya ulipofungwa. Watalii wakakauka, vipuri vikakauka, na mtu aking'okewa mlango wa Landrova yake hakuna pa kuupata, lazima fundi autengeneze kwa mkono. Hapo ndipo nilipopata jina hapa Karatu. Na ndiyo miaka hiyo hiyo sabuni ilipotea madukani. Mama yako alikuwa anapika yake mwenyewe uani, kwenye debe, kwa mafuta ya ng'ombe na magadi, na nyumba nzima ikanuka.

Sasa, alumini ngumu ukiikunja kona kali inapasuka, na isipopasuka inakunjuka. Lazima uilegeze kwa moto. Lakini alumini haina adabu ya chuma. Chuma kikipata moto kinageuka chekundu, kinakuonya. Alumini inabaki vile vile nyeupe, halafu ghafla inadondoka chini kama uji. Kwa hiyo mafundi tunaipaka sabuni ya mche, tunaipitishia moto wa gesi polepole, na sabuni ikiwa nyeusi tunajua imetosha, tunazima. Nilifundishwa hivyo, nikafanya hivyo miaka mingi, na sikuwahi kujiuliza ni sabuni gani.

Bwana mifugo akaleta Landrova ya serikali, imepinduka, mlango wa nyuma umekwisha. Alikuwa na chanjo za ng'ombe za kupeleka Piyaya, kwa wafugaji wa Kimasai, zimehifadhiwa kwenye barafu, na bila mlango wa nyuma maboksi yale yasingefika na vumbi lile na mitikisiko ile. Nilikuwa na bati moja zuri tu. Nikalipaka sabuni ya mama yako, kwa kuwa nyingine haikuwepo. Nikapitisha moto, nikangoja weusi. Ikawa ya kahawia, ikabaki kahawia. Nikasogeza moto. Nikasogeza tena. Bati likatoboka tundu kama sinia, na kingo zake zikaning'inia.

Nilivyo mimi, nikalaumu gesi. Nikalaumu bati. Nikaenda nyumbani nikamlaumu mama yako. Akanitazama akasema, "Sabuni yangu ni ya kufulia nguo, Baba Martina. Sikuipika kwa ajili ya magari." Maneno hayo yalifika sokoni kabla yangu, na tangu hapo ndiyo nikaitwa Fundi Sabuni. Wewe ulikuwa unacheka mpaka unajishika mbavu. Hata mimi baadaye nilicheka, kwa sababu kuunguza bati si dhambi, kila fundi ana lake.

Lisilochekesha ni la baada ya hapo. Bwana mifugo alikuja jioni ile akauliza, "Fundi, gari vipi?" Nikamwambia, "Kesho, bwana mifugo." Bati jingine sikuwa nalo. Nilikuwa nimesikia kuna basi limeanguka karibu na Mto wa Mbu, nikawa natumaini wataniuzia paa lake. Kesho yake akarudi. "Kesho," nikamwambia, "bila wasi." Akasema, "Niambie ukweli, fundi, maana nimetuma habari Piyaya na watu wanakusanya mifugo." Nikamwambia ukweli ndio huo. Mara ya tatu nilishindwa kumtazama usoni, nikakutuma wewe. Ulikuwa likizo, umevaa lile sweta lako la shule. Nikasema nenda kwenye nyumba ya wageni umwambie bwana mifugo kesho asubuhi anaondoka. Ukaniuliza, "Kweli, Baba?" Nikasema, "Wewe nenda."

Sikusema kwa nia mbaya, mwanangu. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Niliitamani ile kesho mpaka nikaisadiki mwenyewe. Paa la basi lilichelewa, na mlango ulipokamilika gari likaondoka siku nyingi baada ya kesho zangu zote. Nikajua yamekwisha.

Siku ya mnada akaja mzee mmoja wa Kimasai, shuka lake limejaa vumbi la safari. Aliniulizia kwa jina la sabuni. Wewe ulikuwa umeniletea chakula, umesimama pale kwenye jiriwa ya kubania bati. Akasalimia vizuri, akakaa kwenye kigogo, akautazama mkono wangu.

"Wewe ndiyo fundi ya mlango?"

"Ndiyo, mzee."

"Mlango iliungua, tulisikia. Hiyo hakuna mtu analaumu, moto ni moto." Akaniangalia usoni. "Lakini ile kesho. Nani alisema?"

"Ni mimi, mzee."

"Tulikaa na ng'ombe pale kwa sababu ya kesho yako. Pale hakuna maji. Maji haikuwa mbali, kama ungesema hapana, tungepeleka ng'ombe, tungerudi. Sasa kila siku tunaambiwa kesho, tunasema basi, tusiondoke, watakuja wakute hatupo. Ndama walikufa pale pale, mama zao wanatazama."

Hakuniomba kitu. Hakupandisha sauti. Aliagana na mimi, akakugusa kichwa kama wanavyowasalimia watoto, akaenda zake sokoni. Ningependa angenipiga fimbo.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani uliniuliza, "Kwa hiyo, Baba, mimi ndiye niliyewaambia?" Nami nikakwambia watoto hawaulizi maswali ya hivyo. Jibu lilikuwa jepesi kabisa. Nilipaswa kusema hapana, ni mimi, wewe ulitumwa tu. Nakujibu leo, ukiwa mtu mzima unayekwenda Ulaya. Ni mimi.

Sasa unaelewa jana nilisikia nini. Uliposema utawaambia "inakaribia", nilisikia kesho yangu ikitoka kinywani mwako. Nikafikiri, nimemsomesha huyu mtoto kwa nyundo ya mbao, nimemnyima viatu ili apate nauli ya shule, na kumbe kitu alichokibeba kutoka kwangu ni kile. Niliitikisa nguzo ya banda la kuku, Martina, mpaka kuku wakaanza kulia.

Na hiyo namba unayotaka kuisogeza kidogo, naijua vizuri. Na sisi tunayo. Mlango usipoenea, fundi aliyechoka haugusi tena mlango. Anaweka jeki ndani ya gari, anaisukuma fremu mpaka imfuate mlango mbovu. Mlango unafunga vizuri, mwenye gari anafurahi, analipa, anaondoka. Ukimuuliza fundi, atakwambia umekubali. Ila gari sasa limepinda, na atakayekuja kutengeneza mlango wa upande wa pili hataelewa kwa nini kila anachopima kinakataa. Atajiona yeye ndiye mjinga. Mimi nimewahi kuwa huyo wa pili, nikahangaika na Landrova ya watu mpaka nikataka kulia, na nimewahi kuwa yule wa kwanza pia, zaidi ya unavyodhani.

Huko kwako mambo yatakuwa makubwa kuliko mlango. Kuna mtu atakayechonga chuma kwa kufuata namba zako, usiyemjua, na hatakuwa na nafasi ya kukuuliza, "Kweli?" Atakaa pale akikungoja, kama wale wa Piyaya.

Basi, nimeanza kuhubiri. Naacha.

Unaogopa watakurudisha, na mimi naogopa hivyo hivyo, nisikudanganye. Nimeliwaza hilo tangu jana kila upande. Nimewaona watu wa hapa wakisema, si mnaona, binti wa Fundi Sabuni alipelekwa Ulaya akarudi hata baridi haijaisha. Nimemwona mama yako akikwepa njia ya sokoni. Sijui walimu wa kule wana moyo gani. Labda ni watu wa kumvumilia mtu asiyejua, labda siyo. Labda tatizo hilo la kona mbili linawasumbua hata wao, na wamekuchagua ili muumie pamoja. Mimi nabahatisha tu, na ninabahatisha vibaya kwa sababu ya hofu. Lakini ikitokea wakakurudisha kwa kuwa umesema haikukubali, naomba usishuke kwenye basi kwa kujificha usiku. Shuka mchana, watu wakuone. Nitakuja stendi na ovaroli langu, nitabeba sanduku lako kichwani, na tutapita katikati ya soko taratibu, nikisalimia kila mtu.

Ila kukaa hapa kwa kuogopa, hapana. Na hapa ndipo ninapopata shida ya kuandika, nimekata maneno na kuandika upya, utaona karatasi ilivyochafuka.

Ulipoweka kijiko chini ukasema bora usiende, nilifurahi.

Nilifurahi, mwanangu. Sikutegemea. Ilinijaa kifuani ghafla, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichoibiwa. Niliona asubuhi ya keshokutwa wewe ukiwa jikoni na mama yako, mnabishana, na mimi nikisikia kutoka uani. Hakuna ndege, hakuna baridi, hakuna barua za kungojwa posta. Hesabu yako ilikuwa inakuumiza, na mimi baba yako nikaishukuru kwa kukataa. Ningekaa pale mezani kidogo tu ningesema, "Basi, mama, usiende, kaa." Na ungekaa, maana unanisikiliza kuliko ninavyostahili. Ndiyo sababu nilitoka. Sikuwa nimekukasirikia hata kidogo. Nilikuwa nimeubana mdomo wangu kwa mikono yote miwili.

Kwa hiyo kesho stendi usinitazame sana usoni. Nitagombana na kondakta juu ya sanduku lako, nitalipiga basi mateke kwenye tairi kama mnunuzi, nitaongea na Mzee Abdala habari za gesi. Usinihurumie ukashuka. Panda, kaa upande wa dirisha, uende.

Ukifika, na wakikuuliza kama hesabu imekubali, waambie bado, na kwamba hujui kwa nini. Kisha nyamaza, waache wakutazame, usijaze ule ukimya kwa neno lolote la kuwafurahisha. Na mimi huku, watu wakiniuliza kama nimezoea nyumba bila wewe, nitawajibu hivyo hivyo. Bado.

Ni mimi,
Baba yako.